Mwongozo Kamili: Jinsi ya Kurekebisha "apt update" Inapokwama Nyuma ya Ukuta wa Moto wa Ofisi

Swali linalorudi mara kwa mara ni hili: kivinjari kinafungua tovuti zote, barua pepe zinaingia, lakini amri ya apt update (inayopakua orodha mpya za programu kwenye Ubuntu, mfumo wa Linux) inakaa kwenye asilimia sifuri kwa muda mrefu na mwishowe inarudisha mistari ya hitilafu. Wengi hukimbilia kubandika mistari ya usanidi waliyotumiwa na wenzao, wa kwanza ukikataa wanaongeza wa pili, mpaka kompyuta inabaki na usanidi unaopingana wenyewe kwa wenyewe na hakuna anayejua tena tatizo la awali lilikuwa lipi.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya Ubuntu 22.04 na 24.04. Debian hufuata utaratibu huo huo, ila majina ya seva zake ni tofauti. Fuata hatua kwa mpangilio, na usibadilishe chochote kabla ya kusoma ujumbe wa hitilafu, kwa sababu karibu kila mara ujumbe wenyewe hutaja mahali njia ilipokatika.

## Mahitaji

Uwe na ruhusa ya kutumia sudo (kuendesha amri kama msimamizi) kwenye kompyuta husika, pamoja na idhini ya kitengo cha TEHAMA cha ofisi yako. Kuta za moto (firewall, vichujio vya mawasiliano ya mtandao) kwa kawaida hurekodi mawasiliano, na jaribio la kuzikwepa laweza kuonekana kwenye rekodi kabla hujamaliza kunywa chai.

Kiombe kitengo hicho anwani ya proksi (seva ya ofisi inayotoka kwenye intaneti kwa niaba ya kompyuta nyingine) na poti yake, kwa mfano 10.0.0.5 na 3128, ambayo ndiyo poti ya kawaida ya programu ya Squid. Uliza pia kama proksi inadai jina la mtumiaji na nywila, kama mtandao hukagua mawasiliano ya HTTPS, na kama ipo seva ya ndani ya kusawazisha saa. Ikiwa HTTPS hukaguliwa, omba na faili ya cheti cha ofisi.

Ikiwa unatumia kompyuta mpakato na kanuni za ofisi zinaruhusu, bando la simu litakusaidia kwa jaribio moja tu: amri ikifaulu kupitia simu na kushindwa kupitia mtandao wa ofisi, kompyuta ni nzima na tatizo liko njiani. Fahamu kwamba jaribio hilo linaweza kula makumi ya megabaiti.

## Hatua ya 1: Hifadhi ujumbe wote wa hitilafu

Endesha amri hii:

    sudo apt-get update 2>&1 | tee ~/apt-kosa.txt

Sehemu ya mwisho huonyesha matokeo kwenye skrini na wakati huo huo kuyaweka kwenye faili. Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu huwa inakata mstari ulio muhimu kuliko yote.

Mistari inayoanza na Hit au Get imefaulu. Inayoanza na Err imeshindwa. Inayoanza na Ign imerukwa, na mara nyingi si tatizo. Tafuta maneno yaliyofuata Err, au yaliyo kwenye mistari ya mwisho inayoanza na E: au W:, kisha nenda kwenye hatua inayohusika: "is not valid yet" ni hatua ya 2, "Temporary failure resolving", "timed out" na "NOSPLIT" ni hatua ya 3, "407" ni hatua ya 4, "403" ni hatua ya 5, "Certificate verification failed" ni hatua ya 6, "Hash Sum mismatch" ni hatua ya 7, na "NO_PUBKEY" ni hatua ya 8.

Tahadhari: Amri hii inaweza kushindwa kupakua orodha zote na bado ikamalizika kana kwamba imefanikiwa, ikiacha onyo tu lisemalo "Some index files failed to download. They have been ignored, or old ones used instead." Maana yake ni kwamba kompyuta imeendelea kutumia orodha za zamani. Anayeona onyo hilo akaendelea na upgrade ataambiwa hakuna kipya, na ataamini.

## Hatua ya 2: Hakikisha saa ni sahihi

Endesha timedatectl, kisha linganisha saa inayoonyeshwa na ya simu yako.

Hatua hii inakuja mapema kwa sababu saa mbovu huvuruga mambo mawili kwa mpigo: vyeti vya HTTPS huonekana kama havijaanza kutumika au vimekwisha muda, na faili ya Release ya hazina (seva ambako apt hupakua programu) hukataliwa kwa kuwa imetiwa sahihi "siku zijazo". Kompyuta za mezani ambazo betri ndogo ya ubao mkuu imekufa hupoteza saa kila umeme unapokatika, na ukuta wa moto unaozuia poti 123 ya UDP huzinyima nafasi ya kuirekebisha.

Ikiwa ofisi ina seva yake ya saa, fungua faili ya /etc/systemd/timesyncd.conf, andika anwani ya seva hiyo kwenye mstari wa NTP= baada ya kuondoa alama ya reli (#) iliyo mwanzoni mwake, kisha uanzishe huduma upya kwa sudo systemctl restart systemd-timesyncd. Ikiwa haina, zima usawazishaji kwa sudo timedatectl set-ntp false na uweke saa kwa mkono kwa timedatectl set-time.

Dalili ya mafanikio: timedatectl inaonyesha tarehe, saa na ukanda sahihi, na mstari wa "System clock synchronized" unasema yes endapo umetumia seva ya saa.

## Hatua ya 3: Tambua kama njia ya moja kwa moja ipo

Anza na jina:

    getent hosts archive.ubuntu.com

Amri isiporudisha kitu, usikimbilie kubadilisha seva za DNS (zinazogeuza majina kuwa anwani za IP). Katika mitandao mingi ya ofisi, kompyuta za wafanyakazi haziruhusiwi kutafuta majina ya nje hata kidogo, kwa sababu kazi hiyo hufanywa na proksi kwa niaba yao. Kwa hiyo ujumbe wa "Temporary failure resolving 'archive.ubuntu.com'" katika ofisi yenye proksi una maana moja: apt haitumii proksi, inajaribu kutoka yenyewe. Dawa yake iko hatua ya 4. Ila kama jina lililoshindikana ni la proksi yenyewe, basi DNS ya ndani ndiyo yenye kasoro, na kwa muda unaweza kutumia anwani ya IP badala ya jina.

Kisha jaribu njia:

    wget --no-proxy --spider --timeout=10 --tries=1 http://archive.ubuntu.com/ubuntu/dists/noble/InRelease

Neno noble ni la toleo la 24.04, kwa 22.04 andika jammy. Ukipata "200 OK", njia iko wazi na huhitaji proksi kwa seva hiyo. Amri ikinyamaza hadi muda uishe, ukuta wa moto unatupa pakiti zako kimya kimya. Ikijibiwa papo hapo kwa "Connection refused", kuna kifaa kinachokataa waziwazi, na hiyo ni nafuu, kwani kukataliwa haraka ni rahisi kuchunguza kuliko kimya.

Ukiona kwenye ujumbe anwani ndefu zenye nukta pacha nyingi zikifuatwa na "Network is unreachable", hiyo ni IPv6. Jaribu sudo apt-get update -o Acquire::ForceIPv4=true.

Lipo jaribio jingine ambalo wengi hawalifahamu, na ndilo linalofumbua hitilafu ya "Clearsigned file isn't valid, got 'NOSPLIT'". Soma mstari wa kwanza wa kile unachopokea hasa:

    wget -qO- http://archive.ubuntu.com/ubuntu/dists/noble/InRelease | head -n 1

Mstari sahihi ni "-----BEGIN PGP SIGNED MESSAGE-----". Ukiona mstari unaoanza na alama za HTML, umepewa ukurasa wa kuingia wa Wi-Fi au tangazo la ukuta wa moto lisemalo tovuti imezuiwa. Apt iliomba orodha ya vifurushi ikapewa ukurasa wa wavuti, nayo imefanya vyema kuukataa. Fungua kivinjari, ingia kwenye mtandao ipasavyo, kisha rudia.

## Hatua ya 4: Iambie apt kuhusu proksi

Hapa ndipo penye makosa mengi kuliko hatua nyingine zote, kwa hiyo soma taratibu.

Kivinjari hufuata mipangilio ya mtandao ya eneokazi; apt haiifuati. Wala haitoshi kuandika export http_proxy kwenye terminali, kwa kuwa sudo kwa kawaida hufuta vigeu vya mazingira kabla ya kuendesha amri. Ndiyo maana mtu hujaribu wget ikafaulu, akajaribu sudo apt ikashindwa, katika dirisha lile lile.

Kwanza angalia kama kuna masalia ya zamani:

    grep -ri proxy /etc/apt/ /etc/environment

Kompyuta mpakato iliyohama kutoka ofisi nyingine mara nyingi hubeba anwani ya proksi ya huko. Futa mistari ya aina hiyo. Kisha tengeneza faili moja tu:

    sudo nano /etc/apt/apt.conf.d/95proksi

na uandike ndani yake:

    Acquire::http::Proxy "http://10.0.0.5:3128/";
    Acquire::https::Proxy "http://10.0.0.5:3128/";

Mstari wa pili unaanza na http ndani ya alama za kunukuu, na hilo si kosa la uchapaji. Apt huzungumza na proksi kwa HTTP ya kawaida, kisha huiomba ifungue njia ya kupitisha mawasiliano ya HTTPS. Ukiandika https hapo kwa proksi isiyojua TLS (usimbaji wa HTTPS), muunganisho hautaanza kabisa.

Kila mstari uishe kwa nukta mkato. Alama za kunukuu ziwe zilizonyooka: mistari iliyonakiliwa kutoka Word huja na zilizopinda, nazo apt haizitambui kama alama za kunukuu. Jina la faili lisiwe na kiambishi chochote au liishie na .conf, ukiiita 95proksi.txt, apt itaipuuza.

Ikiwa ofisi imekupa anwani inayoishia na .pac badala ya jina la proksi, ujue hiyo ni hati ya maelekezo kwa ajili ya vivinjari. Ipakue, ifungue kwa kihariri cha maandishi, na utafute neno PROXY. Anwani na poti zinazolifuata ndizo unazozihitaji.

### Proksi inapodai nywila

Ujumbe wa "407 Proxy Authentication Required" ni habari njema kwa kiasi chake: umeifikia proksi, imebaki kujitambulisha. Andika hivi:

    Acquire::http::Proxy "http://jina:nywila@10.0.0.5:3128/";

na ufanye vivyo hivyo kwenye mstari wa https. Alama maalumu katika nywila lazima zigeuzwe: @ iwe %40, nukta pacha iwe %3A, na # iwe %23. Nywila kama Mvua@Masika iliyoachwa ilivyo itaifanya anwani isomwe vibaya, kwa sababu alama ya @ ndiyo inayotenganisha utambulisho na jina la seva.

Tahadhari: Nywila sasa imo ndani ya faili kwa maandishi ya wazi. Endesha sudo chmod 600 /etc/apt/apt.conf.d/95proksi, na uombe akaunti maalumu ya kompyuta hiyo badala ya kutumia nywila yako ya barua pepe.

Ikiwa 407 inaendelea ilhali nywila ni sahihi, uliza kama proksi hutumia NTLM, aina ya utambulisho iliyoenea katika ofisi zenye mfumo wa Windows. Apt haiifahamu. Suluhisho la kawaida ni programu ya cntlm, ambayo husimama ndani ya kompyuta yako kama tarishi: apt huikabidhi ombi kwenye 127.0.0.1 poti 3128, nayo hujitambulisha kwa proksi kwa lugha inayotakiwa. Kifurushi chake utalazimika kukileta kwa diski mweko.

Dalili ya mafanikio: apt-config dump | grep -i proxy ikiendeshwa kwa sudo inaonyesha mistari yako miwili bila mingine inayopingana nayo, na sudo apt-get update inaanza kuleta mistari ya Get.

## Hatua ya 5: Omba seva zifunguliwe kwa majina yake

Ujumbe wa "403 Forbidden" unaotoka kwenye proksi una maana kwamba umefika, umetambuliwa, na umekatazwa. Hakuna usanidi wa upande wako utakaobadilisha hilo. Kinachotakiwa ni ombi lililoandikwa vizuri. Pata kwanza orodha ya seva ambazo kompyuta yako hutumia:

    grep -rhoE 'https?://[^/ ]+' /etc/apt/sources.list /etc/apt/sources.list.d/ | sort -u

Kwa toleo la 24.04, hazina kuu zimo kwenye faili ya ubuntu.sources ndani ya sources.list.d, wala si kwenye sources.list kama zamani. Angalia majina kwa makini. Kompyuta iliyosakinishwa kwa kuchagua Kenya mara nyingi huwa na ke.archive.ubuntu.com, ilhali msimamizi wa mtandao amefungua archive.ubuntu.com pekee. Huo ni utata wa herufi mbili na nukta tu, na unaweza kumaliza wiki nzima ya barua kati ya idara mbili. Chagua jina moja, ulitumie pande zote.

Usisahau security.ubuntu.com, ambako masasisho ya usalama hutoka. Ikiwa unatumia hazina za PPA (za watengenezaji binafsi), ongeza ppa.launchpadcontent.net. Raspberry Pi na mashine nyingine za ARM hutumia ports.ubuntu.com.

Katika ombi lako taja kila jina pamoja na poti 80 na 443, na usitaje anwani za IP. Seva hizi hubadilisha anwani, na kanuni iliyoandikwa kwa IP leo itavunjika bila taarifa.

Ongeza jambo moja ambalo husahaulika: omba faili za .deb ziruhusiwe. Baadhi ya kuta za moto huzuia upakuaji kulingana na aina ya faili, na matokeo yake ni kitendawili cha update inayofaulu na install inayorudisha 403.

## Hatua ya 6: Cheti kisichoaminika

Ujumbe wa "Certificate verification failed" wakati saa iko sawa, kwa kawaida huashiria kwamba ukuta wa moto unafungua mawasiliano ya HTTPS, unayakagua, kisha unayafunga upya kwa cheti chake. Thibitisha kwanza:

    openssl s_client -proxy 10.0.0.5:3128 -connect esm.ubuntu.com:443 -servername esm.ubuntu.com </dev/null 2>/dev/null | grep issuer

Usipotumia proksi, ondoa sehemu ya -proxy. Jina la ofisi yako, au la kampuni iliyotengeneza ukuta wa moto, likitokea kwenye mstari wa issuer, ukaguzi upo.

Pokea cheti cha mizizi kutoka kwa kitengo cha TEHAMA kwa mkono au kwa njia nyingine unayoiamini, kisha:

    sudo cp cheti-ofisi.crt /usr/local/share/ca-certificates/
    sudo update-ca-certificates

Faili lazima iishie na .crt na ndani yake ianze na "-----BEGIN CERTIFICATE-----". Ukipewa yenye .cer isiyosomeka kwa macho, igeuze kwanza kwa openssl x509 -inform der -in cheti.cer -out cheti-ofisi.crt.

Dalili ya mafanikio: amri ya pili inaonyesha "1 added, 0 removed; done." Ukiona "0 added", huenda jina la faili si sahihi.

Tahadhari: Utakutana na ushauri wa kuzima Verify-Peer au kuandika [trusted=yes] kwenye orodha ya hazina. Ukatae. Watu hushangaa kwamba hazina kuu za Ubuntu hutumia HTTP isiyofichwa na bado zinahesabiwa kuwa salama. Sababu ni kwamba faili ya InRelease hutiwa sahihi ya kidijitali, na kila kifurushi hulinganishwa na alama ya SHA256 iliyotajwa kupitia faili hiyo. Maneno ya [trusted=yes] huondoa ulinzi huo wenyewe, na kuanzia hapo yeyote aliye katikati ya njia anaweza kukupa kifurushi chake, kikasakinishwa kwa mamlaka ya root (msimamizi mkuu).

## Hatua ya 7: Alama zisizolingana

"Hash Sum mismatch" hutokea pale proksi inapokupa orodha ya zamani kutoka kwenye akiba yake pamoja na InRelease mpya, au inapovuruga maombi yaliyotumwa kwa mfululizo. Futa orodha zilizopo, kisha ukwepe akiba:

    sudo rm -rf /var/lib/apt/lists/*
    sudo apt-get update -o Acquire::http::No-Cache=true -o Acquire::http::Pipeline-Depth=0

Soma amri ya rm mara mbili kabla ya kubonyeza Enter; nafasi moja iliyoingia kabla ya nyota itaelekeza ufutaji kwingine kabisa. Ikifaulu, andika chaguo hizo mbili kwenye faili ya 95proksi. Ikishindwa, subiri saa chache, kwani hata seva nakala yenyewe huwa na muda wa kujisasisha.

## Hatua ya 8: Funguo na snap

"NO_PUBKEY" nyuma ya ukuta wa moto mara nyingi hutokana na poti 11371, inayotumiwa na seva za funguo, kufungwa. Pakua ufunguo kwa HTTPS kutoka kwenye tovuti ya mtengenezaji, uweke kwenye /etc/apt/keyrings/, na uutaje kwa signed-by. Amri ya apt-key imepitwa na wakati.

Snap, mfumo mwingine wa kusakinisha programu kwenye Ubuntu, ina mipangilio yake na haisomi ya apt. Firefox ya Ubuntu 22.04 na 24.04 huja kama snap, kwa hiyo isiposasishwa endesha:

    sudo snap set system proxy.http="http://10.0.0.5:3128"
    sudo snap set system proxy.https="http://10.0.0.5:3128"

## Hatua ya 9: Thibitisha

    sudo apt-get update -o APT::Update::Error-Mode=any && echo Imekamilika

Chaguo hilo huifanya apt ihesabu kila onyo la upakuaji kuwa kosa, hivyo neno Imekamilika litaonekana tu ikiwa orodha zote zimefika. Kisha jaribu kifurushi kidogo:

    cd /tmp && sudo apt-get download hello

Faili yenye .deb ikionekana ndani ya /tmp, faili za vifurushi zinapita, na unaweza kuendelea na upgrade. Ujumbe unaotaja mtumiaji _apt na neno "unsandboxed" katika jaribio hili hauna madhara.

## Ikiwa ofisi haitaki kufungua chochote

Kwa chumba chenye kompyuta nyingi, pendekeza seva moja yenye apt-cacher-ng. Nyingine zote huielekea kupitia poti 3142, na msimamizi anabaki na mashine moja tu ya kuiruhusu kutoka nje.

Kwa kompyuta isiyoruhusiwa kabisa kugusa mtandao, tumia apt-offline na diski mweko. Kwenye kompyuta iliyofungiwa endesha sudo apt-offline set ombi.sig --update, kwenye yenye intaneti, apt-offline get ombi.sig --bundle mzigo.zip, kisha rudi na usakinishe kwa sudo apt-offline install mzigo.zip. Mzunguko huu ufanywe mara mbili, wa pili ukitumia --upgrade badala ya --update, kwa kuwa kompyuta haiwezi kujua vifurushi gani ni vipya kabla orodha mpya hazijaingia. Mzunguko wa pili ukikamilika, endesha sudo apt-get upgrade, nayo itasakinisha vifurushi kutoka /var/cache/apt/archives bila kuomba chochote nje.